Mji wa Babu Mtaliano, Kule Black Rock

Babu Mtaliano amekufa. Nilianza kuandika kwamba "ametutoka", nikafuta. Nikaandika "amepumzika", nikafuta tena, maana mwenyewe alikuwa hapendi maneno ya kuzungushazungusha. Kwao, aliwahi kuniambia, mtu akifa watu husema amekufa, kisha wanakaa na kulia, basi. Habari nilizipata nikiwa kazini upande wa East Side, kwa bibi ninayemhudumia, nimemshika mikono miwili nikimtoa kitandani kumkalisha kitini. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaiacha. Ikatetemeka tena. Nilipopata nafasi ya kupokea, alikuwa Mama Mkubwa, yule mama wa milima ya Kivu Kusini ambaye ndiye mzee kuliko wote kanisani kwetu, na ambaye nyumba yake na yangu zinagawana uzio mmoja. "Mama," akaniambia, "Babu amekufa. Amekufia ku kiti yake, pale ku dirisha. Kuja. Lakini usilie mu gari, utagonga watu." Nikalia garini njia nzima. Sikugonga mtu, nashukuru.

Ninyi wasomaji wa Buffalo mnamjua, hasa nyie wa Black Rock mliokuwa mkimkwepa. Kwa wale wa Louisville na Columbus, ambao hunilalamikia kwamba safu hii inapendelea sana theluji ya Buffalo, acheni niwaeleze. Babu alikuwa mzee mfupi mwenye mabega mapana, kofia ya sufi kichwani hata kiangazi. Aliletwa nchi hii na baba yake akiwa kijana, wakitoka mji mdogo wa kusini mwa Italia, juu kabisa ya kilima. Akaingia kiwanda cha vyuma kando ya mto, akakitumikia mpaka kilipofungwa. Wataliano wenzake walipouza nyumba na kuhamia vitongoji vyenye nyasi za kukatwa kila wiki, yeye na mke wake walibaki. Nyumba za wenzao zikakaa tupu, madirisha yamepigiliwa mbao, mpaka sisi tulipofika kutoka makambini tukaanza kuzinunua moja moja, kuziba mapaa yake, na kupanda lengalenga, yaani mchicha, mahali palipokuwa pametupwa matairi. Watoto wetu ndio waliomwita Babu Mtaliano. Jina lake jingine, kama ilivyo desturi ya safu hii, nawaachia wenyewe.

Mwanzoni tulimwogopa. Kila jioni jua likiwa bado lipo alitoka nyumbani, akaweka mikono nyuma, akatembea hadi kona ya mtaa, akageuka, akarudi, akageuka tena. Hakuwa na mbwa. Hakuwa na mfuko wa dukani. Akipita mbele ya mlango wako anatazama ndani, anainamisha kichwa kidogo, anaendelea. Sasa hebu mwambie mtu aliyekimbia vita tangu utotoni kwamba mzee anayepitapita mbele ya nyumba yake bila shughuli ni mzee tu anayenyoosha miguu! Mume wangu, ambaye ni Mkongo na haamini mtu asiye na haraka, alisema huyo ni mtu wa usalama. Jirani mwingine akasema anatuchunguza ili atushtaki kwa wenye mji kwamba tumejazana nyumbani. Tukawa tunafunga mapazia akipita. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na hasira zangu ziko karibu. Mama yangu alikuwa akisema ulimi wangu uliota kabla ya meno. Jioni moja nikamsubiri kwenye ngazi, mikono kiunoni, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kambini, "Mzee, umepoteza nini hapa?"

Akavua kofia. "Sijapoteza kitu," akasema. "Natembea kwenye uwanja wetu."

"Hapa hapana uwanja. Hapa pana barabara na magari mabovu."

"Hapo uliposimama," akasema bila kukasirika, "ni kwa kinyozi. Na kinyozi hunisalimia kila siku."

Loo! Kumbe kwao, kazi zikiisha na kabla ya chakula cha jioni, wanaume na wanawake hutoka wakatembea uwanjani, huku na huku, hawaendi popote. Wanasalimiana, wanaulizana habari za mgonjwa, wanasuluhisha ugomvi, wanachunguza nani katembea na nani. Wataliano wa mtaa wetu nao walifanya hivyo zamani, barabara hiihii. Wenzake wakafa, wengine wakahama, yeye akaendelea kutembea peke yake, akiwainamia kichwa watu ambao sisi hatukuwaona. Nilimwambia asubiri, nikaingia ndani kuvaa viatu vya kutembelea, nikatoka. Tangu jioni hiyo nilikuwa naye kila nisipokuwa zamu.

Hivyo ndivyo nilivyoujua mji ambao sijawahi kufika. Daraja la reli lililo mwisho wa mtaa, lile linalovuja hata siku isiyo na mvua, lilikuwa lango la mji: tao la mawe, na juu yake ngao ya mtawala iliyolika mpaka haijulikani kama mnyama aliyechorwa pale ni simba au mbuzi. Kiwanda kilichofungwa, chenye bomba refu la moshi, kilikuwa ngome. Ngome hiyo, alinieleza, ilijengwa na wapanda farasi kutoka nchi za baridi, waliokuja zamani sana kama askari wa kukodiwa kupigana vita vya wengine, na vita vilipokwisha wakagoma kuondoka wakawa ndio wenye mji. Mama Mkubwa alipoyasikia hayo alicheka mpaka akajishika ubavu. "Hata kwetu njo ile ile," akasema. "Askari wa kukodi harudi kwao." Jengo la posta lilikuwa jumba la mtawala, na chini ya roshani yake wakulima walisimama kwenye jua kila mavuno wakisubiri agawe ngano, yake kwanza. Kanisa la matofali ambalo sasa tunasali sisi lilikuwa kanisa mama. Na lile bomba la zimamoto kwenye kona, ambalo mbwa wote wa Black Rock wanalijua, lilikuwa chemchemi.

Chemchemi ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Maji yalitoka kwenye vinywa vya nyuso za mawe, na wanawake walifua pembeni kwenye hori refu lililochongwa. Bibi mzaa baba yake aliambiwa na bibi yake jinsi wanaume wengine walivyokimbilia msituni, wakati nchi ilipopata mfalme mpya na kodi mpya, wakapigana na askari. Wengine wakiwaita wanyang'anyi, wengine wakiwaita watoto wetu. Wanawake walikuwa wakienda chemchemini na vikapu vya nguo, na chini ya nguo kuna mikate ya watu wa msituni. Hapo nilisimama. Nilimwambia kwamba huko walikotoka majirani zangu, wako akina mama waliopita vizuizi vya askari na unga chini ya nguo za mtoto. Alilipigapiga lile bomba la zimamoto kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake ubavuni, tukaendelea.

Ng'ombe ndio waliomleta Mama Mkubwa kwenye matembezi yetu. Alikuwa hatoki nje, magoti yanamsumbua, na Kiingereza hana. Lakini siku moja Babu alisema ile barabara kubwa, yanakopita malori yaendayo mpakani Kanada, ni njia ya mifugo, pana, ya majani, ya zamani kuliko ngome, na kwamba majira ya baridi mifugo yote iliteremka kwa njia hiyo kutoka milimani kwenda bondeni, na majira ya joto ikapanda tena. Nilikuwa namfasiria Mama Mkubwa kupitia uzio. Alishuka ngazi zake akiwa amevaa kandambili.

"Muulize, ile ng'ombe yao iko na pembe namna gani."

Babu akanyoosha mikono yote miwili juu, akaipinda kidogo kwa nje. Rangi ya majivu, akasema. Miguu mirefu. Hawapendi zizi.

"Na majina? Walikuwa wanapatia kila ng'ombe jina?"

"Kila mmoja," akasema Babu. "Baba yangu alisahau siku zangu za kuzaliwa, hakusahau jina la ng'ombe."

Mama Mkubwa akanigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kwao juu kule ng'ombe wake walichukuliwa wote, na nyumba ikachomwa, na mambo hayo hayasemi. "Donc, huyu ni mutu wa kwetu," akasema, "ni vile tu alichelewa kufika ku jua." Babu aliponiuliza amesema nini nikamfasiria, naye akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo walitembea pamoja, mmoja akisema kikwao na mwingine kikwao, mimi nikiwa kazini wala hawanihitaji. Wanaelewana vipi, Mungu ndiye anayejua.

Halafu mke wake akafa. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo watu wetu tu ndio wangelifanya. Tulisikia asubuhi, na kabla ya mchana tulikuwa tumeshahamia kwake: sufuria kubwa za harusi, magunia ya mchele, mikeka, majiko mawili ya mkaa uani, kwaya ya kina mama sebuleni. Hatukupiga simu, maana nani anapiga simu kuomba ruhusa ya kwenda kilioni? Tulimkuta amekaa peke yake. Binti yake pekee, mama mtu mzima anayefanya kazi ya bima Columbus, alisema angefika kwa ibada ya mazishi na kurudi siku hiyohiyo kwa sababu ya kazi. Sisi tukatandika mikeka, tukakaa chini. Binti yangu mwenyewe, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaniuliza kwa nini tunakaa sakafuni na viti vipo. Nikamwambia, "Kaa chini, nyamaza." Kisha kina mama wakaingia jikoni, mmoja akawasha jiko la gesi. Babu akanyanyuka kwenye kiti utadhani ana miaka ishirini. Akalizima. Mama akaliwasha. Akalizima tena, akasimama mbele yake, amenyoosha mikono, akisema hapana, hapana, hapana moto.

Jamani, mnatujua. Kumkataza mama wa Kikongo asipike kwenye kilio ni kumtemea mate. Nyuso zikabadilika. "Anatukataa," mmoja akasema. "Anaona chakula yetu ni uchafu." Mwingine alikuwa ameshaanza kukunja mkeka wake. Mimi nikamfuata mzee jikoni, na sikuwa na upole, nikamwambia kama yeye hatutaki sisi, aseme tutoke, lakini asituaibishe mbele ya maiti. Akanieleza. Kwao, mtu akifa, moto wa nyumba ile huzimwa. Haupikwi mlo, haichemshwi hata kahawa, kwa sababu moto wa nyumba ni wa yule aliyekufa, umeondoka naye, na wafiwa hawana mikono ya kuuwasha. Majirani hupika majumbani kwao, wakaleta, zamu kwa zamu, wakawakalisha wafiwa na kuwalisha mpaka matanga yaishe. Ndipo mwanamke mzee kuliko wote mtaani anaingia na kuwasha moto tena kwa mkono wake. "Siwakatazi kupika," akasema. "Nawaomba mpike kwenu. Nilidhani sitapata tena majirani wa kuwaomba hivyo."

Nilitoka nikawafasiria. Kisha Mama Mkubwa, ambaye hakuwa amekunja mkeka wowote, akasema, "Bon. Mmesikia? Mubebe sufuria, tuende." Sufuria zikavuka uzio, maji ya moto yakimwagika kwenye theluji, tukapika nyumbani kwangu na kwake, tukarudisha vyungu vimefunikwa mataulo. Babu alikula sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kwa mara ya kwanza siku hiyo na kusema inafanana na mboga za pori za kwao. Matanga yalipoisha Mama Mkubwa aliingia jikoni, akawasha jiko. Na Babu akapika kahawa kwenye kile kibirika chake kidogo cha chuma, chungu kama dawa ya mitishamba, tukainywa yote kwa heshima.

Siku chache baadaye tulikuwa tunatembea, yeye na mimi, akasimama pale kwa kinyozi, yaani kwenye ngazi zangu. Aliniambia mji wake ulianguka mara mbili. Mara ya kwanza tetemeko liliangusha mtaa wote wa chini, ukabaki ukuta mmoja wa kanisa dogo, na juu yake mtakatifu aliyechorwa zamani, nusu ya uso imedondoka na plasta, nusu inatazama bonde. Mara ya pili hakuna kilichoanguka. Watu walipanda meli tu. Hapa Buffalo walikuwa wengi kiasi cha kufanya sikukuu ya mtakatifu wao na kumbeba mabegani mpaka mtoni. Sasa amebaki yeye. "Mimi naogopa jambo moja," akasema. "Siogopi kufa. Naogopa kwamba siku nikifa mtu ataingia jikoni kwangu achemshe maji ya kahawa, kama siku nyingine yoyote, kama mtu asiyetoka popote. Nani atazuia jiko?"

Nikamwambia binti yupo. Akatikisa kichwa. Binti hataki kusikia. Na kweli, huyo binti nilikuwa nimeshagombana naye. Alikuja sikukuu moja na tanuri la kupashia chakula kwenye boksi, akatukuta baba yake anatuonyesha chemchemi, akanivuta pembeni kwenye gari. "Tafadhali usimtie moyo," akaniambia. "Mji ule haupo. Nimeusikia maisha yangu yote na haupo." Nikamjibu kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Nilijisikia mjanja sana. Aliponiomba nimfasirie, nikamwambia ni methali ya kutakiana safari njema.

Nimeifikiria sana hofu ile ya Babu, kwa sababu si yake peke yake. Shemeji yangu anapakia mizigo kwenye ghala huko Jeffersontown, anaishi kwenye majengo makubwa Louisville, na aliniambia alijua jirani yake wa mlango wa mbele amekufa alipoona kochi la jirani limetupwa jalalani. Kochi! Alikuwa akimsikia akikohoa kupitia ukuta mwaka mzima. Hatukuwa watu wa namna hiyo, lakini kazi inatufundisha: zamu ya usiku, zamu ya mchana, likizo ya msiba ambayo msimamizi anakuuliza kwanza marehemu alikuwa nani wako, na ukisema jirani anacheka. Columbus nimehudhuria kilio cha watu wetu ambacho kilikodiwa ukumbi wa saa maalumu, tukalia kwa haraka, maana nje walikuwa wanasubiri watu wa sherehe ya kuzaliwa na maputo yao mkononi. Simlaumu mtu. Ila mtu aliyetoka milima ile, ambako hata ng'ombe aliitwa kwa jina lake, akifa Kentucky au Ohio, nani atajua kwamba alitoka mahali?

Basi, siku aliyokufa nilifika nikiwa na macho mekundu na sare ya kazi, nikakuta kina mama wameshafika. Mama Mkubwa alikuwa na ufunguo. Babu mwenyewe alimpa. Mikeka ilikuwa imetandikwa, sufuria ziko majumbani kwetu, na jikoni kwa Babu hakuna aliyegusa kitu. Mama Mkubwa alikuwa ameweka kiti kwenye mlango wa jikoni, amekaa. Hakuna aliyemwagiza. Binti akaingia kesho yake mchana kutoka Columbus, koti refu, funguo za gari mkononi. Alisimama mlangoni akatutazama tulivyojaa sakafuni kwa baba yake, akasema kwa sauti kavu, "Nani aliwafungulia?" Nikamweleza. Akasema asante, mmekuwa wema, lakini mambo yote yamepangwa, ibada ni asubuhi, yeye anaondoka mchana wake, na nyumba anakuja mtu kuitazama. Akasema amechoka na safari, anahitaji kahawa. Akatupita akaingia jikoni, magoti yakimchelewesha Mama Mkubwa kunyanyuka, akajaza kile kibirika maji, akakiweka, akanyoosha mkono.

Mama Mkubwa akaufunika mkono ule kwa wake, juu ya swichi ya jiko. "Hapana, mwanangu," akasema. "Ku nyumba ya kilio hatuwashaka moto."

Yule mama hakuelewa maneno. Lakini nilimwona usoni, kabla sijafungua kinywa kufasiri, kwamba kuna kitu amekielewa. Akabaki ameshikwa mkono. "Anasema nini?" akaniuliza. Nikamwambia. "Nani amemwambia hivyo?" Nikafasiri tena, na Mama Mkubwa akashangaa kuulizwa.

"Nani tena? Ni baba yako njo alitufundisha."

Akakaa. Si kitini, alikaa sakafuni pale pale, na koti lake refu, mgongo kwenye jiko, akalia kilio cha mtoto. Kisha akasimulia. Alipokuwa mdogo bibi yake alikufa katika nyumba hii, na baba yake akazima jiko, akampiga kofi mkononi alipojaribu kuchemsha maziwa. Ilikuwa baridi. Siku zote zile alitumwa kwa jirani kula, akaenda shule akinuka mapishi ya nyumba za watu, watoto wakamcheka kwamba kwao wamekatiwa gesi. "Nilidhani anatuadhibu," akasema. "Nilidhani ni ukatili wake tu. Maisha yangu yote nimedhani hivyo. Hakuniambia kwa nini." Kisha akamtazama Mama Mkubwa, akaniuliza mimi, "Ninyi aliwaambia kwa nini?"

Nikamwambia ndiyo. Sisi alituambia. Nilitamani kuirudisha ile methali yangu nikaitafune.

Akala. Tulimletea sombe na wali, na tambi kwa dengu, ambazo Mama Mkubwa alijifunza kwa mke wa Babu wakionyeshana kwa vidole. Hakurudi Columbus kama alivyopanga. Alipiga simu kazini, nikamsikia akibishana na mtu, "Ni baba yangu," akarudia kwa ukali, na nikampenda hapo. Tulimzika Babu, naye akakaa nasi hadi matanga yalipoisha. Jioni ya mwisho alitoka nje akiwa amevaa kofia ya sufi ya baba yake, akasimama barabarani hajui aelekee wapi, akaniuliza, "Chemchemi iko upande gani?" Mama Mkubwa hakungoja tafsiri, neno hilo alishalijua kwa Kitaliano. Akamshika mkono wakaenda, mikono mingine nyuma, mpaka kwenye bomba la zimamoto. Tukampitisha kote: lango, ngome ya wale askari wa kukodiwa, roshani ya ngano, njia ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Mahali niliposahau, jirani mwingine alinikumbusha. Tulibishana hata kuhusu nyuso za chemchemi, kama ni za simba au za watu. Asubuhi yake Mama Mkubwa akaingia jikoni, akawasha jiko, na yule binti akapika kahawa.

Nyumba huenda ikauzwa, na hilo ni shauri lake. Mimi nilichobaki nacho ni hili. Babu alikuwa mkarimu wa maelezo kwa wageni kuliko kwa damu yake. Sisi alitukalisha akatueleza. Mwanawe alimpa kofi na amri, kwa sababu alidhani mtoto wa nyumbani huzaliwa akijua. Na sisi, wazazi wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, tunaolia kwamba watoto wetu wametupa mila, je, tuliwahi kuwaambia sababu, au tuliwapigia kelele tu? Mzungu jirani akikuuliza kuhusu kitenge unamweleza nusu saa. Mwanao akiuliza, unamwambia nyamaza. Ndugu zangu, mwelezeni na yeye.

Siku ile ya mwisho ya matanga, kabla ya mikeka kukunjwa, binti yangu alisimama mlangoni kwa Babu na simu yake mkononi. Akaniuliza tena, kwa Kiingereza kilekile, kwa nini tunakaa sakafuni na viti vipo. Ulimi wangu ulishaanza kutangulia. Nikaushika. Nikasogea, nikampigia mkono kwenye mkeka kando yangu, akakaa. "Aliyefiwa ameangushwa chini," nikamwambia. "Hawezi kuja juu tulipo. Basi sisi ndio tunashuka." Kisha akageuka kumtazama yule mama wa Columbus, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa mkeka, akajiburuza taratibu mpaka ubavuni kwake.